Arobaini bila mtoto

Siku ya tatu maziwa yaliteremka. Mtoto tulikwisha kumzika. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, mvua ya masika inapiga bati, kifua kimejaa na kukaza hata kanga niliyojifunika ilikuwa inaniumiza. Katika yote niliyofundishwa kuhusu uzazi, hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa huja hata pasipo na wa kuyanyonya.

Nilijifungua siku tatu kabla ya Ramadhani ya mwaka 2017. Mimba ilikuwa ya miezi minane, mtoto wa kike, hakulia. Wanawake wa nyumbani walimuosha na kumvika sanda, wanaume wakaenda kumzika, na mimi nikarudishwa kutoka hospitali ambako usiku mzima nililazwa wodi moja na waliojifungua salama, vichanga vyao vinalia kushoto na kulia kwangu. Nilirudi nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba mimi si mzazi. Kwetu Unguja mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi kwa siku arobaini zote, na kila apitaye mlangoni huuliza, "Mzazi hajambo?" Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo. Walisema pole, Mungu atakupa mwengine, wakaondoka haraka kwa sababu hawakujua watazame wapi.

Somo yangu alifika jioni, watu wako nje wanatazamia mwezi. Alikuja na mkoba wake ule ule na furushi la majani chini ya kwapa. Nilimsikia shangazi yangu ukumbini akimuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu anaogeshwa nini, na mtoto hayupo?"

"Kwani aliyezaa nani," somo akamjibu, "mtoto au yeye?"

Kisha akaenda jikoni kuuliza sufuria kubwa iko wapi.

Kwa wasiokulia pwani, niseme kidogo somo ni nani. Msichana anapovunja ungo, wazazi humtafutia mwanamke mzima, mwenye stara na anayejua mambo, awe somo yake. Yeye ndiye anayemfundisha kujitahirisha, kuhesabu siku zake, kufunga kitambaa na kukifua, kukaa na watu. Akifika kuolewa, somo humsinga, yaani humsugua mwili kwa manukato, na kumtoa. Akizaa, ikiwa somo mwenyewe ana ujuzi huo, ndiye anayemkanda. Kwa hiyo mtu mmoja anaujua mwili wako tangu una miaka 13, na mbele yake huna cha kuficha. Mimi wangu ni mwenyeji wa Makunduchi, kusini kabisa ya Unguja, aliyeolewa mjini akakaa. Alisoma mpaka darasa la nne. Sijakutana na mtu mwenye mikono inayosikia kama yake.

Wengi wakisikia kukandwa hudhani ni kumwagiwa maji ya moto basi. Nilikuwa nikidhani hivyo pia, mpaka nilipokuwa mimi niliyelala kwenye mkeka. Maji huchemshwa na majani ya mkaratusi, mchaichai na kivumbasha, sufuria ikafunikwa ikatulia. Kitambaa anachotumia ni kanga kuukuu, kwa sababu kanga mpya ina wanga wa dukani, haishiki maji. Huikunja mara nne, akaichovya huku pembe mbili zimebaki mkononi, akaikamua, akaikung'uta mara moja ili mvuke wa kwanza uondoke, akaiweka kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kwa ndani, juu ya kifundo. Akiona yeye haumii, ndipo anakuwekea. Huanza mgongoni, akashuka kiunoni, nyonga, mapaja, hadi nyayo. Pale pa nyonga hukaa sana. Hasugui, hubonyeza akangoja, akanyanyua, akabonyeza kando kidogo. Tumbo ni la mwisho na halikandamizwi.

Jioni ile alipofika kifuani alisimama. Akagusa kwa mgongo wa kiganja.

"Kifua hiki hatukikandi," akasema. "Tukikikanda tutayaita. Tukiyaita, aje kuyanywa nani?"

Akamwita mdogo wangu alete maji ya mtungini. Akachovya kanga nyengine katika maji yale ya baridi, akailaza kifuani mwangu huku miguu yangu bado ina moto wa maji ya majani. Ilipopata joto akaibadilisha, mara nne au tano. Kisha akanifunga kifua kwa kanga kavu, si kwa nguvu. Alipitisha vidole viwili ndani kuhakikisha navuta pumzi. Akaniambia maumivu yakizidi kabisa nikamue matone machache tu ya kunipumzisha, nisiendelee. Kufika siku ya kumi kifua kilikuwa kimelegea. Miaka miwili baadaye nilimsimulia muuguzi mmoja, naye akanieleza kwamba titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa, na joto pamoja na kusuguliwa huyafanya yashuke. Somo yangu hajawahi kusoma hayo popote. Alifundishwa na mama yake, ambaye naye aliwahi kuwakanda wanawake waliorudi nyumbani mikono mitupu, na wakati ule walikuwa wengi kuliko sasa.

Baada ya maji alinifunga mkaja. Mkaja ni kitambaa cha kukaza tumbo la mzazi, na heshima yake pwani ni kubwa hata katika mahari kuna fungu la mama wa bibi harusi linaloitwa mkaja, kumkumbuka alivyojifunga alipomzaa binti yake. Wa somo yangu ni wa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, urefu wake kama pima mbili, umefuliwa miaka mingi mpaka umekuwa laini. Alianzia nyongani akapanda juu, kila mzunguko ukalala nusu juu ya mwenzake. Nilikuwa nimehisi siku tatu zote kana kwamba ndani yangu kuna uwazi na chochote kinaweza kuanguka. Alipofunga fundo la mwisho ubavuni nilipata mahali pa kuegemea. Nililala usingizi wa kwanza tangu nitoke hospitali.

Alikuja hivyo mara mbili kwa siku, baada ya swala ya alfajiri na baada ya alasiri, mwezi mzima wa Ramadhani, naye amefunga. Hili naliwaza mara kwa mara. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, hajanywa tone tangu daku, ameinama juu ya sufuria ya maji ya moto, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, anamkanda mtu ambaye mwenyewe anakunywa uji wa pilipilimanga mbele yake kwa sababu damu ya nifasi, ile ya baada ya kuzaa, humzuia kufunga. Hata siku moja hakuniharakisha.

Wala hakuniliwaza kwa maneno. Alizungumza mambo ya kawaida: bei ya pweza, mjukuu wake anayekataa chuo, nyufa za ukuta wangu. Siku ya tisa, amenigeuza ubavu na siuoni uso wake, akaniuliza, "Ulimpa jina?"

Nikasema ndiyo.

"Lipi?"

Nikalitaja. Tangu tumzike sikuwa nimelitaja kwa sauti. Alilirudia mara moja, polepole, kama mtu anayetaka asilikosee, akaendelea na kitambaa chake. Nililia sana siku ile, na maji yaliendelea kuja kwa mpango ule ule, kiuno, nyonga, paja, bila kusita. Baadaye nimeelewa kwamba angeacha kazi akanikumbatia, ningejizuia.

Damu yangu ilikatika siku ya 26. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya, na somo alikuwa mkali nalo. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, nifasi kwa kawaida ni siku arobaini, inaweza kufika sitini, na inaweza kuwa fupi mno. Ikikatika, mwanamke anakoga janaba yake na swala inamlazimu. Haruhusiwi kukaa anangojea arobaini itimie. Aliniambia nikoge, nikakoga, nikaswali. Lakini asubuhi ya pili alikuja na majani yake kama kawaida. Nilimuuliza, si nimeshatoharika? Akasema, "Damu ina hukumu yake. Mifupa ina siku zake."

Sikukuu ikatukuta hivyo. Siku ya arobaini alikuja na msio.

Msio ni jiwe la kusagia liwa, ule mti wa kunukia, na msio ukitoka kabatini, nyumba nzima hujua kuna harusi. Mama yangu alishtuka. Singo ni ya bibi harusi. Mchanganyiko wa liwa, mawaridi makavu, karafuu zilizopondwa, dalia na asumini, ukalowekwa kwa marashi, msichana akasuguliwa nao kabla ya kutolewa. Mwanamke aliyetoka kuzika anasingwa ya nini? Somo hakujibu, akaomba mkeka uwekwe karibu na dirisha. Alinisugua mikono, mabega, shingo, mgongo, na singo ilipoanza kukauka ikawa inadondoka vijipande vijipande rangi ya udongo, imechukua na taka ya ngozi. Harufu ya karafuu ilijaa mpaka ukumbini. Kisha maji ya vuguvugu, kisha chetezo, udi katika nywele zilizolowa. Alipomaliza alivifagia vile vijipande vyote kwa mkono, akavimwaga chini ya mwembe wa mama. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama tangu Mei bila kugeuza macho.

Julai hiyo hiyo somo alinichukua kwao Makunduchi, kwa Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Tulipanda daladala ya 310 siku moja kabla, tukalala kwa dada yake. Watalii wanajua sherehe ile kwa vile wanaume wanavyopigana kwa mapanda ya migomba, kusini na kaskazini, kila mtu amalize kinyongo chake na mwaka wake, halafu kinachomwa kibanda cha makuti na mzee aliyeingia ndani anachomoka. Ni kweli, na wanawake wamevaa mapya wanaimba mafumbo yao mpaka sauti zinakauka. Lakini jina lenyewe linasema koga, na kukoga kwenyewe ni alfajiri, baharini, kabla ya fimbo ya kwanza.

Njiani somo alinieleza hesabu ya mwaka wenyewe. Ni mwaka wa Nairuzi, ambao pwani yetu inasema ulikuja na Washirazi, wa siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na wavuvi na wakulima waliutegemea kujua pepo na mvua. Hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne kama kalenda ya ofisini, ndiyo maana Nairuzi ya Waajemi wenyewe ni Machi na yetu imerudi nyuma polepole mpaka imefika Julai. Wapo vijana wanaosema mambo hayo yote ni bidaa, yamezushwa katika dini, na hawaendi. Siwalaumu kwa kujali dini yao. Mimi nilikwenda na somo yangu, aliyekuwa ameswali alfajiri yake kabla ya kunishika mkono kwenda pwani.

Maji yalikuwa ya baridi ya kipupwe na bahari imejaa. Wanawake walikuwa wengi, wameingia na nguo zao, wengine na watoto mgongoni. Nilisimama maji yakiwa magotini nikamngoja somo anishike, anielekeze, kwa sababu siku arobaini nilikuwa nimezoea mikono yake. Alikuwa tayari ameshapita mpaka kiunoni.

"Huku hukogeshwi na mtu," akaniambia. "Huku unakoga mwenyewe."

Nikazama.

Mwaka 2020 vidole vyake vilianza kukataa. Baridi yabisi ilimshika viungo vya mkono wa kulia kwanza, akawa hawezi kukamua kitambaa. Akaniita mimi. Nilikuwa nimeshapata mtoto wa kiume wakati huo, na nilikuwa nimemfuata nyumba kadhaa kumbebea sufuria. Tangu hapo amekuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, nami ndiye mikono. Ananisikiliza kwa kitambaa: maji yakidondoka mengi anajua sikukamua, nikikaa kimya kirefu anajua nimepotea. "Teremka," husema. Au, "Hapo hapo, usikimbie."

Kosa langu kubwa nililifanya siku ambayo hakuwepo. Ilikuwa usiku wenye upepo, mzazi ana kichanga cha siku sita, nami nikafunga dirisha na mlango ili fukizo lisipotee, chetezo kimejaa makaa. Robo saa haikutimia mzazi akasema kichwa kinamgonga, akataka kutapika, na mimi mwenyewe miguu ikawa mizito. Bahati ilikuwa mama yake aliyefungua mlango kuleta chai. Tuliwatoa uani mzazi na mtoto, wakarudi sawa baada ya kupata hewa. Makaa hutoa moshi usioonekana na usionuka, na chumba kilichofungwa huua. Nilipomweleza somo hakunigombeza, alinyamaza muda mrefu mno, kisha akaniuliza kwa nini nadhani yeye siku zote huweka kiti chake mlangoni. Sasa dirisha huwa wazi, kichanga huwa chumba kingine, na udi ni kipande kimoja cha kunukisha nywele.

Yako na mengine tuliyoyaacha, na sioni haya kusema yalikuwepo. Wako waliokuwa wakimkalisha mzazi juu ya mvuke akiwa na kidonda kibichi. Wako waliotia dawa za majani ndani ya uke. Aliyepasuliwa hatumwagii maji wala hatumfungi mkaja mpaka kidonda kikauke na daktari aseme ndiyo. Mila inayobebwa na mtu mwenye akili inaweza kupunguzwa, na somo amepunguza mengi kuliko watu wanavyojua, kimya kimya, bila kuwatia aibu waliomfundisha.

Na jambo analolifanya ambalo hakuna anayeliita kazi ni kutazama. Kila asubuhi kabla ya maji hukiomba kitambaa cha damu, akakitazama na kukinusa. Huuliza kichwa, macho kama yanaona vizuri, hulinganisha mashavu ya miguu kama mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Kuna binti wa jirani ambaye siku ya tisa alikuwa na joto kidogo tu, mwenyewe anacheka, na somo aliponusa kitambaa alisema sufuria iteremshwe. "Huyu si wa maji. Huyu wa hospitali, sasa hivi." Alilazwa siku tano, ilikuwa uambukizo wa kizazi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza mzazi aonwe angalau mara tatu baada ya kutoka hospitali: siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na wiki ya sita. Nilipomsomea somo hayo alifurahi hasa kusikia wiki ya sita, akahesabu kwa vidole: arobaini na mbili. Akasema basi hawako mbali na sisi. Mimi nilichowaza ni ile siku ya tisa. Baina ya siku ya saba na ya kumi na nne kuna siku nyingi, na mwanamke anaweza kupotea katikati yake ikiwa hakuna anayekuja kila asubuhi kuuliza kitambaa.

Tunagombana juu ya jambo moja tu. Yeye hakuwahi kutaja bei. Arobaini nzima, mara mbili kwa siku, nyumba zilimpa alichojaaliwa kila mtu: doti ya kanga, kilo mbili za sukari, sabuni, pengine elfu kumi ndani ya bahasha. Amewakanda wake za matajiri na leo dawa ya viungo vyake tunachangishana sisi watoto wake wa mikono. Mimi nataja bei siku ya kwanza, na nusu ninampelekea yeye. Huipokea huku amekunja uso. Anasema nikishaipa kazi hii bei, atakuja siku mwanamke asiyekuwa nayo ataona haya kuniita. Ninamjibu kwamba asiyekuwa nayo namwendea bure, na aliyenayo alipe. Hatujakubaliana, na sidhani kama tutakubaliana.

Mkaja ule wa marekani haupo kwangu leo. Uko Fuoni, kwa msichana wa miaka 22, siku yake ya kumi na moja. Wake pia hakulia. Shangazi zake waliniuliza swali lile lile nililolisikia ukumbini kwetu, nami nikawajibu kwa maneno ya somo, kwa kuwa sikuwa na mazuri zaidi. Jana aliniomba niwe ninakuja mapema kidogo, kabla nyumba haijaamka, kwa sababu hiyo ndiyo saa anayoweza kulia. Majani nimeshayafunga. Nitatoka saa kumi.